Waini ya Dodoma kwa wateja wa nje: maonyesho ya Ulaya, Nairobi, watalii au diaspora, tuanze na ipi?

MamaZabibu (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo ya watu ambao wameshaifanya hii kazi kwa mikono yao. Sisi ni familia, tuna shamba la zabibu upande wa Hombolo, na baada ya kuchoka kuuza kwa kilo na kubembeleza wanunuzi wa mchuzi (juisi ya zabibu ya kutengenezea waini) kila msimu tukaamua tusindike wenyewe. Sa hivi stoo kuna chupa kama 4,000, nyekundu kavu (isiyo tamu) ya zabibu ya Makutupora na nyeupe ya zabibu ya Chenin Blanc. Dodoma na Dar inatoka ila polepole, soko la hapa linapenda tamu na bei ya chini, na mimi hii kavu naiamini kabisa, nataka iwafikie watu wa nje ambao wamezoea kunywa kavu na chakula chao cha kila siku. Shida hela ya kutangaza ni ya mara moja tu, nikiigawa vipande vinne hamna kitakachoonekana.

Njia ninazopima ni kupanda ndege na sampuli kwenda maonyesho ya waini Ulaya, ile ProWein ya Düsseldorf mwezi Machi au ile ya London mwezi Mei. Au Nairobi, maana ni jirani. Au niwafuate wageni walioko hapa hapa nchini, lodge za Arusha na Karatu na hoteli za Zanzibar. Au diaspora, watu wetu walioko Ulaya na Marekani wawe ndio wa kwanza kuinunua na kuisemea. Mngekuwa nyie mngeanza na ipi?

Msafirishaji77

Dada hongera kwa kusindika, hapo ndipo thamani ilipo. Mimi niliwahi kwenda maonyesho moja Ulaya, tulikuwa watu kadhaa tunachangia meza moja. Nikueleze nilichokiona. Siku ya pili asubuhi akaja mzee mmoja, akamiminiwa, akaizungusha glasi, akanusa muda mrefu sana, akaonja akatema kwenye ndoo kama wanavyofanya wote pale, akaandika kwenye kidaftari chake. Nikajua tumempata. Akaniuliza maswali matatu tu, chupa moja ikitokea kiwandani ni yuro ngapi, mzigo wa kwanza ni paleti ngapi, na mwakani itakuwa na ladha hii hii? La kwanza nililijibu, la pili nikababaika, la tatu sikuwa na jibu. Akashukuru kwa adabu akaondoka. Paleti moja ni kama chupa 600 dada, wewe mzigo wako wote haufiki paleti saba na hujaacha hata chupa ya kuuza nyumbani.

Kingine watu hawaelewi, kule humkuti mnywaji. Unakutana na mwagizaji, msambazaji, mwenye duka. Mnywaji yuko mbali bado, na kumfikia huyo ni pesa nyingine kabisa.

Sisemi maonyesho hayafai. Walebanoni wa Château Musar walienda maonyesho ya Bristol mwaka 1979, nchi yao iko vitani, Serge Hochar na chupa zake, wakaonja wakubwa wa waini wa Uingereza na jina likapaa kutokea hapo. Ila kile kiwanda kilianza 1930, waini ya miaka ya nyuma ilikuwepo chini ya nyumba inasubiri. Alipoulizwa maswali matatu alikuwa nayo majibu.

Kevo_Nai

Niko Nairobi na nauza vinywaji so naongea ya hapa. Watu hudhani hii ni soko rahisi juu ni jirani. Ukiingia supermarket yoyote hapa rafu ya wine ni South Africa kutoka juu mpaka chini, na yenye inaenda haraka ni tamu kama 4th Street. Local tuna Leleshwa ya Naivasha na hata wao wamepigania nafasi miaka mingi. Ile kitu iko upande wako ni kwamba wine ya South Africa inalipa ushuru wa forodha kuingia, yako ikiwa na cheti cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki hailipi. Lakini ushuru wa bidhaa mnalipa wote, na stempu za KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) lazima zikae kwa chupa. Usikuje ukifikiria ni kuvuka tu Namanga na gari.

Ushauri wangu wachana na supermarket kabisa. Watakuitisha discount, watakulipa baada ya miezi, na mzigo usipotoka wanakurudishia. Kuna wine bar na restaurant hapa Westlands na Kilimani, wateja ni Wakenya wenye wameanza kupenda kavu na wazungu wa maofisi. Hapo chupa 20 kwa mwezi kwa mahali pamoja ni kitu, na waiter akiipenda ndiye tangazo lako. Mimi waiter nampea chupa moja aende nayo nyumbani anywe na mke wake, hiyo imeniuzia kuliko poster zote nimewahi kuchapisha.

Karatu_Mhudumu

Nimefanya kazi lodge upande huu miaka mingi, niongezee hapo kwa watalii kwa sababu mimi ndio njia ninayoiamini, ila ina mitego.

Mgeni akitoka Ngorongoro jioni ana vumbi na furaha, anakaa mezani anauliza mnayo waini ya hapa? Wanauliza karibu kila siku jamani, na mara nyingi tunawajibu tuna ya Afrika Kusini. Inaniuma sana kusema vile wakati Dodoma ipo. Huyo mgeni hahitaji kushawishiwa na bango, ameshalipa nauli kuja kuonja vya hapa. Na waini akiinywa kwenye safari ya maisha yake hasahau, anapiga picha ya chupa anatuma kwao.

Mtego sasa. Kuna mzalishaji mdogo alituletea nyeupe nzuri tu. Tukaiweka kwenye ndoo ya barafu kama kawaida, nusu saa baadae naitoa mbele ya meza ya wageni sita, lebo inateleza mkononi mwangu, yote, ikabaki chupa uchi na gundi inanata vidoleni. Mgeni mama mmoja akanisaidia kuifuta na kitambaa chake. Waini ilikuwa nzuri mdomoni lakini meneja hakuagiza tena, na mimi simlaumu. Lebo ya karatasi ya kawaida haiwezi barafu. Kagueni hilo kabla ya kuwaza Ulaya.

Pia mfundishe mhudumu maneno mawili matatu ya kusema. Mimi nasema hivi, Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mzungu anayejua waini akisikia hilo anaweka uma chini anataka kusikia zaidi, kwao ni mara moja tu.

Pemba_Boi

Zanzibar hoteli nyingi na Wataliano kibao, ila usipange kama vile ni mkoa wa kawaida. Huku kuna bodi yake ya vileo na vibali vyake, mzigo unapitia kwa wenye leseni ya kuingiza. Anza Arusha, huku uje ukishapata mtu mwenye leseni anayeipenda bidhaa yako.

Stockholm_Bongo

Dada MamaZabibu mimi ni diaspora na nawapenda diaspora wenzangu ila niseme ukweli. Tukikutana tisa Disemba tutanunua chupa zako kwa uzalendo, tutapiga picha, tutakusifia. Januari tunarudi kununua tuliyoizoea. Diaspora ni mahali pa kuonjesha na kupata picha na maoni, soko la kukutoa kimaisha hapana. Halafu huku kwetu huwezi hata kuuza kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, pombe ya zaidi ya asilimia 3.5 madukani inauzwa Systembolaget tu, duka la serikali, Norway nao wana lao.

Ila nisikilize, huenda hiyo ndiyo habari njema. Systembolaget wanatangaza mapema wanachotaka, aina fulani, bei kati ya hapa na hapa, ladha wanaielezea, kisha sampuli zinaonjwa zimefichwa lebo. Anayeonja hajui kama ni Bordeaux ya Ufaransa au Hombolo. Ukishinda unapewa nafasi kwenye rafu bila kumhonga mtu wala kubandika tangazo, ukishindwa umepoteza sampuli na muda. Unaomba kupitia mwagizaji aliyesajiliwa huku. Kwa mtu mwenye waini nzuri na jina dogo mimi sijui mlango wa haki kuliko huo. Ila tena swali ni lile la mzee wa Msafirishaji, wakikuchagua lazima uwe na mzigo wa kutosha, na chupa ya mwisho iwe sawa na ya kwanza.

Na lebo za Umoja wa Ulaya zilibadilika, tangu 8 Disemba 2023 waini mpya lazima ionyeshe viambato na taarifa za lishe kama kalori, wengi wanaweka kialama cha QR nyuma ya chupa. Pamoja na hati ya VI-1 yenye vipimo vya maabara. Msichape lebo 10,000 kabla ya kusoma hayo.

Msafirishaji77

Na kuhusu Uingereza mtu asije akasahau hili. Kuanzia Februari 2025 ushuru wao unafuata kilevi, kila sehemu ya kumi ya asilimia ina bei yake. Chupa ya asilimia 13 inakula karibu pauni 3 ya ushuru, ikiwa 14.5 inazidi hapo, na bado VAT juu yake. Jua letu la Dodoma linajaza sukari kwenye zabibu haraka, ukichelewa kuvuna wiki moja kilevi kinapanda na bei ya rafuni London inapanda nayo. Kwahiyo tangazo la kule linaanzia shambani, siku unayoamua kukata.

Mwl_Veyula

Naheshimu wote ila naona tunaogopa mno. Mnasema majirani na watalii, sawa. Je mnakumbuka Georgia, ile nchi jirani ya Urusi? Walikuwa wanamtegemea Mrusi, soko kubwa, wanapafahamu, wanaongea lugha. Mwaka 2006 Urusi ikapiga marufuku waini yao, mara moja, watu wakabaki na mapipa. Ndio wakalazimika kwenda Poland, China, Marekani, na wakagundua kinachowauza ni ile mitungi yao ya udongo wanayoifukia ardhini, kitu cha mababu ambacho mwaka 2013 UNESCO ikakiweka kwenye orodha yake ya urithi. Soko la Urusi lilifunguliwa tena mwaka huo huo lakini tayari walishajifunza kutembea.

Utalii nao unaweza kufungwa, 2020 tuliona wenyewe lodge tupu. Kwahiyo dada usiweke mayai yote kwa Karatu.

Na jambo langu la pili, jina. Chupa nyingi za kwetu zina majina ya kizungu na picha za majumba ya Ulaya. Kwanini? Mfaransa ana majumba yake ya kweli. Argentina walichukua Malbec, zabibu ya Kifaransa kabisa, wakaifanya yao hadi leo mtu akisikia Malbec anaona Mendoza ya kwao Argentina, na kila 17 Aprili wanaisherehekea duniani. Afrika Kusini wana Pinotage waliyoichanganya wenyewe 1925. Sisi tuna Makutupora, zabibu nyekundu yenye jina la kijiji chetu, halafu tunaificha nyuma ya chupa kwa herufi ndogo? Andika MAKUTUPORA mbele, kubwa, chini yake DODOMA, TANZANIA. Hiyo ndiyo tangazo.

Kevo_Nai

Mwalimu hapo kwa jina naunga mkono mia kwa mia. Mteja hapa akiona jina la kizungu anailinganisha na South Africa yenye anaijua na yako inaonekana ghali. Akiona Makutupora hana cha kulinganisha nayo, anauliza.

MamaZabibu

Nimesoma zote usiku huu na mume wangu, asanteni sana, mmetuokolea nauli ya Düsseldorf. Tumekubaliana hivi. Chupa 2,500 ni za lodge, tutaanza na sita za Arusha na Karatu na tutaenda wenyewe kukaa na wahudumu, sio kutuma dereva. Chupa 600 Nairobi, migahawa tu, Kevo nitakutafuta inbox. Zinazobaki zinatosha wateja wetu wa Dodoma na wageni wanaokuja shambani, maana tangu treni ya SGR ianze kufika 2024 tunapata hata watu wa ubalozini wanatoka Dar Jumamosi asubuhi, wanatembea kwenye mizabibu wananunua katoni.

Na kuna chupa 120 za mavuno ya kiangazi tumezifungia ndani. Haziuzwi. Mwakani tunazionja na za mwaka huo mezani kwa pamoja, zikifanana ndio tunamwandikia Stockholm_Bongo atutafutie mwagizaji.

Jina linabadilika, ni Makutupora mbele. Mume alikuwa na picha ya kasri, ameikubali iondoke. Sasa naulizia lebo, nani anajua pa kupata ya kustahimili barafu kwa idadi ndogo?

Karatu_Mhudumu

Dada uliza wachapaji wa Dar lebo ya plastiki ya kunata, ile ya chupa za shampuu, sio karatasi. Wakupe kumi kwanza. Bandika kwenye chupa iliyokauka kabisa, iache siku nzima, kisha itumbukize kwenye ndoo ya barafu masaa manne uifute kwa nguvu na kitambaa kibichi. Ikibaki nzima, zile za kwanza niletee mimi, Julai tunajaa.