Kilo 58 na uzito haupandi: nianze na kopo la protini au chakula kwanza?

Kijana_wa_Mbagala

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wenye ujuzi. Umri miaka 23, urefu sentimita 174, uzito kilo 58, haupandi wala haushuki. Nimeanza kunyanyua vyuma siku tatu kwa wiki. Muuzaji wa duka la virutubisho ananisisitizia gaina (poda ya kuongeza uzito) ya kilo 3, anasema bila hiyo nitajichosha bure. Chakula changu ni hiki: asubuhi chai ya rangi na chapati mbili, mchana wali maharage kwa mama lishe, usiku ugali na dagaa. Maziwa fresh yananivuruga tumbo. Je, ninunue gaina, ninunue wei (poda ya protini ya maziwa), au hela hiyo niiweke kwenye msosi? Na mayai mabichi yanasaidia kweli kama wanavyosema jim?

Sahani_Kwanza

Mkuu, kabla hujatoa hela piga hesabu ya unachokula sasa. Anayejenga misuli anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwako, 58 mara 1.6 ni gramu 93. Wapo wanaokwenda hadi 2.2, lakini kwa anayeanza nyongeza hiyo haileti tofauti kubwa.

Siku yako ya sasa kwa makadirio: chapati mbili zina gramu 12. Sahani ya wali na upawa mmoja wa maharage, 21. Ugali wa usiku 12, na dagaa wakavu gramu 20 wanaongeza 12 nyingine. Jumla 57. Umepungukiwa gramu 36, na shimo kubwa liko asubuhi, maana chai ya rangi haina kitu na chapati ni wanga na mafuta.

Ziba hivi: mayai matatu ya kuchemsha asubuhi (18), karanga gramu 50 saa kumi jioni (12 au 13), halafu dagaa wa usiku waongeze kutoka gramu 20 hadi 35 (9 zaidi). Umefika 96 hivi bila kopo lolote. Nyongeza hiyo inakuja pia na kalori kama 550, na hapo ndipo ulipokwama hasa. Uzito usiopanda maana yake unakula sawasawa na unachotumia. Hata ungekunywa protini kiasi gani, kama jumla ya chakula haijaongezeka mwili hauna cha kujengea.

Dagaa wapime kwenye mizani ya jikoni walau mara moja, wakiwa wakavu, ili macho yazoee gramu 35 zinafanana vipi mkononi. Wengi wanakadiria kwa ukubwa wa bakuli baada ya kuunga mchuzi, na nusu ya bakuli ni nyanya. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne hadi mchanga uishe chini ya sufuria.

Karanga nazo uzichambue. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zinazoacha uchungu mdomoni tupa, usizikaange ukidhani moto utaziponya. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2004 sumu hiyo ikiwa kwenye mahindi iliua zaidi ya watu 100 nchini Kenya, wengi Makueni na Kitui. Kwa mtu anayekula karanga kila siku hili si jambo la kupuuza.

Mayai mabichi acha. Yai lililopikwa, mwili unachukua kama asilimia 90 ya protini yake. Likiwa bichi unachukua karibu nusu tu, na unajiongezea hatari ya bakteria wa salmonela.

Msoma_Lebo

Naongezea upande wa makopo, kwa sababu wauzaji wanachanganya watu hapa.

Gaina ni nini? Geuza kopo usome nyuma. Chukua mfano wa kipimo cha gramu 150 chenye protini gramu 30: kopo la kilo 3 linatoa vipimo 20, yaani protini gramu 600 tu. Sehemu kubwa ya kilo zinazobaki ni maltodekstrini, wanga uliovunjwa kuwa vipande vifupi. Wanga unao tayari kwenye sembe na mchele, kwa bei ya sokoni. Kwa mtu anayeweza kukaa mezani na kula, sioni sababu ya kununua gaina.

Wei ni hadithi nyingine. Inatoka kwenye maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini, na ni protini nzuri kabisa. Kopo la kilo 2.27 lenye vipimo 75, kila kipimo gramu 24, lina protini gramu 1,800. Trei moja ya mayai 30 ina gramu 180 hivi. Kwa hiyo kopo moja ni sawa na trei kumi. Nenda dukani, uliza bei ya kopo, kisha uliza bei ya trei mtaani kwako na uzidishe kwa kumi. Jibu utalipata papo hapo, na mara nyingi litakuambia ununue mayai. Faida ya wei ni wepesi: dakika moja, maji kwenye chupa, umemaliza. Mtu anayetoka kazini saa tatu usiku hana muda wa kupika, huyo namwelewa akinunua.

Kwa tumbo lako, wei ya kawaida (konsentreti) ina protini asilimia 70 hadi 80 na bado inabaki na sukari ya maziwa ndani yake, ile ile inayokuvuruga. Isoleti, wei iliyochujwa zaidi, ina asilimia 90 hivi na sukari hiyo ni kidogo sana, ila bei inapanda. Jaribu mtindi kwanza. Bakteria wanakuwa wamekula sehemu ya sukari, na wengi wasioweza maziwa fresh wanauvumilia. Anza na nusu kikombe pamoja na chakula, usianze na lita.

Ukinunua kopo: kagua karatasi ya muhuri chini ya kifuniko, namba ya toleo na tarehe ya mwisho iwe imechapwa kwenye kopo lenyewe, si stika iliyobandikwa juu ya nyingine. Pima skupu (kijiko cha kupimia kilichomo koponi) moja kwenye mizani, ilingane na lebo. Poda ya vanila inayoshukiwa kuchanganywa na unga, koroga kidogo kwa maji na udondoshee tone la iodini ya duka la dawa. Ikigeuka bluu iliyokolea, kuna wanga wa unga humo. Mwaga hicho ulichopima, usinywe. Kipimo hiki hakikamati kila kitu. Maltodekstrini inaweza kupita, na pia wapo wanaoongeza glaisini au taurini, asidi amino za bei rahisi. Maabara nyingi zinapima naitrojeni, ambayo asidi hizo nazo zinayo, halafu zinakadiria protini, kwa hiyo namba inapanda wakati chakula cha misuli hakijaongezeka. Ukiziona hizo juu kabisa kwenye orodha ya viambato, rudisha kopo.

Mfamasia_Pwani

Kuna jambo linanitia hofu zaidi kuliko makopo. Mdogo wangu, mtu mwembamba akilalamika kwamba haongezeki, atatokea wa kumpa vidonge vya kunenepa kwenye kifuko kisicho na jina. Mara nyingi ndani kuna deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi, pengine pamoja na siproheptadini ya kuongeza hamu ya kula. Uso unajaa, mashavu yanatoka, watu wanakusifu. Lakini deksamethasoni inavunja misuli, hasa ya mapaja na mabega. Kinachoongezeka ni maji na mafuta. Sukari na presha vinapanda. Na aliyezitumia kwa wiki kadhaa asiache ghafla, maana tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala na mtu anaweza kuanguka. Aende hospitali apunguziwe dozi taratibu.

Kama baadaye utabaki na hela ya kitu kimoja tu cha kopo, nunua kreatini monohaidreti, poda inayosaidia misuli kupata nguvu ya haraka. Gramu 3 hadi 5 kila siku, saa yoyote, hata siku usiyofanya mazoezi. Mizani itapanda kilo moja au mbili wiki za mwanzo. Hayo ni maji ndani ya misuli. Ukipimwa damu ya figo mwambie daktari unaitumia, kwa sababu kipimo cha kreatinini kinaweza kusoma juu bila figo kuwa na shida. Mwenye ugonjwa wa figo, presha au kisukari aongee na daktari kabla ya kreatini na kabla ya kuongeza protini.

Chuma_na_Daftari

Chakula kimeelezwa vizuri. Upande wa mazoezi, siku tatu zinatosha: skwati, benchi, kuvuta chuma kuelekea tumboni, kusukuma juu ya kichwa, na dedlift (kuinua chuma kutoka sakafuni) mara moja kwa wiki. Seti 3 za marudio 8 hadi 12, ukisimama wakati bado ungeweza kufanya marudio mengine moja au mawili. Ukifikisha 12 kwenye seti zote tatu, ongeza kilo 2.5 na urudi kwenye 8. Andika kila kitu daftarini.

Kama jim yenu inatumia vyuma vya zege vilivyomiminwa kwenye makopo ya rangi, vipime kwenye mizani ya duka la jumla na uandike kilo juu yake kwa rangi. Pande mbili za chuma kimoja mara nyingi hazilingani, na bega moja linaumia bila wewe kujua sababu. Nyongeza ndogo utazipata kwa kufunga mifuko ya mchanga ya kilo 1.25 kila upande.

Kijana_wa_Mbagala

Asanteni sana wakuu. Gaina nimeiacha. Nyumbani kuna unga wa soya umesagwa ukiwa mbichi. Nikikoroga na maji nikanywa, si ni protini pia?

Sahani_Kwanza

Usinywe hivyo. Soya mbichi ina vizuizi vinavyokizuia kimeng'enya cha kusaga protini tumboni, ndiyo maana watu wanapata gesi na kuharisha. Huo ulio nao upike kwenye uji, uchemke vizuri dakika 30 na zaidi huku ukikoroga. Safari ijayo nunua soya nzima. Chemsha dakika 30 tangu maji yaanze kutokota, sugua maganda yatoke, anika hadi ikauke kabisa, kaanga bila mafuta mpaka inukie, ndipo usage. Vijiko viwili vya chakula vilivyojaa, kama gramu 20, vinakupa protini 7 kwenye uji wa asubuhi.

Uzito pima asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, mara tatu kwa wiki, kisha chukua wastani. Kwa kilo zako unatafuta ongezeko la gramu 150 hadi 300 kwa wiki. Ukizidi hapo wiki mbili mfululizo, punguza karanga ziwe nusu. Mizani isiposogea, ongeza ugali wa usiku na ndizi mbili kabla ya mazoezi, mayai yabaki matatu.