Yoti ya wageni inatoka Mayotte: waingilie Dar, Unguja au Tanga?

FundiMatanga (Msasani)
Habari za jioni wakuu. Mimi nashona na kutengeneza matanga hapa Msasani. Nina wateja, mtu na mkewe, Wamarekani, wana yoti ya mita 13 na mkuku wake unashuka mita 2 chini ya maji. Sasa hivi wako Mayotte, kisiwa cha karibu na Komoro, na wanataka kung'oa nanga wiki ya kwanza ya Septemba. Tanga kubwa limeachia mshono sehemu ndefu, pampu ya dizeli nayo inavuja. Wanataka kukaa kwetu mwezi mzima. Wameniuliza waingilie bandari gani kwanza. Matanga nayajua, lakini taratibu za kuingiza chombo kutoka nje siyajui, na sitaki watu hawa wahangaishwe kwa sababu ya neno langu. Nimesikia Dar, Unguja na Tanga. Mliowahi kupokea wageni wa namna hii mnasemaje?

Kigamboni255
Dada, Dar. Kazi zao zote mbili ziko Dar: tanga liko kwako, na pampu utaipata au kuichongesha mtaa wa Gerezani kabla hawajamaliza kunywa chai. Wakiingilia kwingine watalazimika kuja huku hata hivyo.

Utaratibu ni ule wa bandari yoyote ya kimataifa. Wakiingia maji yetu wanatweka bendera ya njano, wanaita kwa redio ya VHF chaneli 16, halafu hakuna anayeshuka mpaka afya ya bandari, uhamiaji na forodha wamalize nao. Waandae hati ya kuondokea Mayotte, hati ya usajili wa chombo, orodha ya waliomo na pasipoti, nakala nyingi kuliko wanavyodhani. Viza waombe mtandaoni kabla hawajaondoka. Mmarekani analipa dola 100 na anapata ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, kwa hiyo hata wakienda Kenya wakarudi bado inawafaa.

Ubaya wa Dar ni kwamba bandari yenyewe ni ya meli kubwa. Si mahali pa kulala na yoti. Wakimaliza makaratasi watoke, wazunguke Oysterbay na rasi, waje ghuba ya Msasani.

MtuWaMalindi
Assalaam alaykum. Nami niseme la kwetu Unguja. Mgeni mwenye yoti roho yake iko huku hata ukimpeleka wapi. Anatia nanga mbele ya Mji Mkongwe, anaona Forodhani na Beit al-Ajaib, na visiwa vya Changuu, Bawe na Chapwani viko karibu naye. Hilo Dar hamna.

Lakini dada kauliza swali la kazi, na mimi sitampamba. Bandari ya Malindi imebanwa. Makontena, boti za abiria za mwendo kasi na majahazi vyote vinagombea maji yale yale, na boti ya kasi ikipita mawimbi yake yanaitikisa yoti mpaka vyombo vinaanguka jikoni. Jingine ni kwamba bandari zetu ziko chini ya Shirika la Bandari Zanzibar, zenu za bara chini ya TPA, yaani Mamlaka ya Bandari Tanzania. Msidhani karatasi ya upande mmoja inamaliza mambo ya upande wa pili. Hata wakitoka Dar na kila kitu kimegongwa mhuri, wakifika kwetu waende ofisini wajitambulishe tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa nje anayeingia Zanzibar anatakiwa pia awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Wailipie mtandaoni mapema, wasije wakashtukia gatini.

RasKazone
Mbona Tanga mnaipita kimya? Ghuba yetu imejikunja vizuri, kisiwa cha Toten kipo katikati, maji yametulia karibu mwaka mzima, na pale Ras Kazone ipo klabu ya yoti. Mji hauna foleni, ofisi ziko karibu karibu, unazimaliza kwa miguu. Mwaka juzi nilimsindikiza mgeni mmoja, saa 3 asubuhi tulianza na saa 8 mchana alikuwa anakula samaki. Eneo lote la bahari hapa ni hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009, kwa hiyo wasitie nanga juu ya matumbawe na wasivue ovyo. Ila wajue kwamba upande wa Chongoleani pana kazi za bomba la mafuta kutoka Uganda, wakae mbali nako.

NahodhaMstaafu
Mwanangu FundiMatanga, wote waliotangulia wamesema kweli, ila hakuna aliyezungumzia mkondo, na mkondo ndio utakaoamua.

Bahari yetu ina mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, unashika kasi, mahali pengine hufika noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Yoti ya mita 13 kwa injini inakwenda noti 5 au 6. Piga hesabu. Ukishapita Dar kwenda Tanga umepanda zaidi ya maili 100, na ukitaka kurudi kwa fundi wa matanga Msasani utakuwa unapigana na upepo na maji kwa pamoja, na tanga lenyewe limechanika. RasKazone ndugu yangu, Tanga ni bandari nzuri na mimi naipenda, lakini kwa hawa ni ya mwisho. Kwa Septemba, chombo kinachotoka kusini kianzie kusini na kiteremke na mkondo: Dar, halafu Unguja, halafu Pemba, halafu Tanga, halafu Kenya. Kila hatua inasaidiwa na maji.

Kutoka Mayotte mpaka Dar ni karibu maili 500 za baharini, siku nne au tano. Kusi litakuwa tezini, nyuma yao. Wanaweza kuja na tanga la mbele peke yake, lile kubwa wakalifunga lisiendelee kuraruka. Ukipanga Unguja kwanza, kumbuka wana maili kama 40 za kurudi Dar, na mkondo ule ule unawasukuma nyuma. Mlango ule wa bahari kati ya Dar na Unguja si wa kuchezea kusi likikaza. Tarehe 18 Julai 2012 boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na Chumbe, na ilikuwa njia ya kila siku hiyo. Septemba upepo huwa umeanza kupungua kuelekea demani, lakini chombo kibovu ni chombo kibovu.

Waambie pia wauangalie mkondo usiwabebe kaskazini ya njia yao. Kaskazini ya mstari wao ipo Fungu Kizimkazi, ramani zao zitaandika Latham. Ni kisiwa kidogo tambarare, ndege watupu, usiku hukioni mpaka umekifikia. Wakae kusini yake mpaka waione pwani.

MikindaniKwetu
Mzee, shikamoo. Kwa hoja hiyo hiyo ya kuanzia kusini, Mtwara je? Bandari yetu ni ya asili, ina kina kirefu na imejificha vizuri, na wangefika mapema zaidi.

NahodhaMstaafu
Marahaba. Kwa maumbile ya bandari, Mtwara inazishinda zote tulizozitaja. Lakini watu wa bima za yoti wanaiangalia Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, tangu machafuko ya 2017, na wengi hawataki chombo kisogee huko. Na kwa kuwa tanga na pampu haviwezi kutengenezewa Mtwara, bado wangekuwa na safari ndefu mbele. Chombo kizima kilichotoka Komoro, ningekwambia kiende.

FundiMatanga (Msasani)
Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Suala la mkondo sikulifikiria hata kidogo. Nimeelewa: Dar kwanza. Maswali yangu mawili. Msasani watakuwa salama mwezi mzima? Na mlango wa bandari ya Dar kwa mtu asiyewahi kuuona ukoje?

Kigamboni255
Naanza na mlango kwa sababu naupita kila siku. Ni mwembamba na unapinda, meli kubwa zinaujaza wote, na ndani kuna vivuko vya Magogoni na Kigamboni vinavyokatiza bila kupumzika, pamoja na boti za wavuvi wa Feri. Wasiingie usiku. Hata nje, usiku kuna ngalawa zisizo na taa na nyavu zimetandazwa. Wakifika jioni wasubiri mbali, waingie saa 2 au saa 3 asubuhi baada ya kuita kwa redio na kuruhusiwa.

Na hili liandike kwa herufi kubwa: sisi tunatumia mpangilio A wa maboya. Ukiingia bandarini, jekundu linakaa kushoto na la kijani kulia. Marekani ni kinyume chake. Wakiwa Mayotte watakuwa wamezoea, maana huko pia ni mpangilio wetu, lakini mtu aliyechoka baada ya siku tano baharini anarudia alichofundishwa utotoni. Mwamba hautamngojea akumbuke.

NahodhaMstaafu
Msasani kwa Septemba na Oktoba ni pazuri. Rasi yenyewe inakinga kusi. Ghuba inafunguka kaskazini, kwa hiyo kaskazi ikianza, Desemba hivi, mawimbi yanaingia na usiku wa kulala unakuwa mrefu. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya vinapunguza kidogo tu. Mwezi wao mmoja hautafika huko. Watie nanga penye kina cha kutosha wakihesabu maji ya bamvua, maana tofauti ya kupwa na kujaa hapa inapita mita 3. Mgeni anatia nanga maji yamejaa, anakwenda mjini, anarudi anakuta mkuku umekaa mchangani na chombo kimelala ubavu.

MamaWaBongoyo
Nami naongeza la visiwa, kwa sababu wageni wakishapumzika lazima watataka kwenda. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975. Kuna ada ya kuingia, hakuna kuvua, na nanga iwekwe penye mchanga, si juu ya matumbawe. Nimezamia pale miaka mingi na nimeona kwa macho yangu minyororo ya nanga ilivyosaga matumbawe yaliyokuwa hai mwaka uliotangulia. Dada, wewe ndiye mwenyeji wao, waambie kabla hawajaenda. Na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, wasishuke nayo.

Wakienda Unguja wasitie nanga mahali popote kwenye mstari wa Ras Kiromoni na Fumba. Nyaya za umeme wa Zanzibar zimelala chini pale.

FundiMatanga (Msasani)
Nimewaandikia usiku huu: Dar kwanza, asubuhi, kusini ya Fungu Kizimkazi, jekundu kushoto. Wamejibu wanashukuru, na wameomba niwashonee bendera ya heshima, ile ya nchi ambayo chombo kinaitembelea, kwa sababu hawakuipata huko. Nimeshakata kitambaa cha ya Tanzania. MtuWaMalindi kaka, wakija Unguja wapandishe na ya Zanzibar?

MtuWaMalindi
Si lazima, lakini watu watafurahi sana. Ya Muungano ikae juu, upande wa kulia wa mlingoti, ya Zanzibar chini yake. Ni buluu, nyeusi na kijani, na bendera ndogo ya Muungano kwenye pembe ya juu karibu na mlingoti, ndiyo hiyo tangu 2005. Na ile kubwa, ya Muungano, wawekee alama ya juu: kijani ndicho kinachokaa juu, upande wa mlingoti. Nimeona yoti tatu zimeipindua.

FundiMatanga (Msasani)
Nitashona zote mbili, na kwenye pindo la juu natia uzi mwekundu ili wasikosee.