Naomba ushauri: pipa la bluu la mtumba au ndoo mpya za lita 20 kwa kuchachushia mbege?

Mrombo wa Mbezi
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu anaposa mwezi ujao, na wazee wa upande wa binti huko Marangu wametaka mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, lita 150. Aliyekuwa anatupikia kwenye shughuli za ukoo ni bibi, naye ametangulia mwaka jana. Mama anazikumbuka hatua zote, magome ya mti wa msesewe ya kutia uchungu tumepata, kimea cha ulezi tumeanza kukiotesha. Tumekwama kwenye chombo, kwa sababu pipa la mbao la bibi limekauka na kupasuka.

Sokoni kuna kijana anauza mapipa ya bluu ya lita 200, yaliyotumika, elfu 60. Nilipomuuliza yalikuwa na nini akasema "sabuni tu". Duka la jirani lina ndoo mpya nyeupe za lita 20 zenye mifuniko. Nyumbani pia zipo ndoo tatu za rangi ya ukuta ambazo tumechotea maji miaka yote.

Nataka wazee wakishika kata waseme hii ndiyo mbege ya nyumba ile. Na nataka asiumwe mtu. Naomba kuwasilisha.

Mama Nyonyo
Pole kwa kuondokewa na bibi, mwanangu. Mimi napika kwa ndoo na mapipa ya plastiki tangu mbao zilipoanza kuwa shida kupatikana, na mbege inatoka vizuri. Ila ndoo za rangi ziache kabisa. Maji hukaa humo siku moja na hayana ukali. Ndizi zilizochemshwa zinakaa siku kadhaa, zinachacha, zinakuwa na asidi na pombe. Hiyo inavuta vitu ambavyo maji hayavuti.

Na msije mkakimbilia pipa la bati. Ule mpako wa zinki unaliwa na asidi, unaingia kwenye kinywaji, na watu watatapika mbele ya wakwe.

Fundi wa Vingunguti
Nimefanya kazi kiwanda cha plastiki, nieleze kidogo. Geuza chombo uangalie chini, kuna pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Namba 2 ndiyo ile ngumu ya mapipa na madumu ya mafuta ya kula, namba 5 ni ya ndoo nyingi zenye mifuniko. Zote mbili zinafaa. Lakini namba inakwambia aina ya plastiki tu, haikwambii kama ni ya chakula. Dumu la dawa ya kufulia nalo ni namba 2. Tafuta alama ya glasi na uma, hiyo ndiyo ya chakula. Ndoo nyeusi zinazouzwa bei ya chini mara nyingi zimeyeyushwa kutokana na plastiki chakavu, na hakuna anayejua ndani yake mlichanganywa nini.

Sasa hilo pipa. Mtu akikwambia lilikuwa na sabuni, muulize sabuni yenyewe au malighafi yake? Wanaotengeneza sabuni ya maji wananunua salfoniki na kostiki, kemikali kali hizo, kwenye mapipa ya bluu hayohayo. Plastiki inanyonya kile ilichobeba, na kuosha kunaondoa cha juu tu. Wengine watakwambia ulijaze maji moto, ulifunge usiku mmoja, asubuhi unuse. Likinuka umepata jibu. Lisiponuka bado hujapata, maana kemikali nyingi hazina harufu. Pipa la mtumba nalinunua likiwa na lebo yake ya awali tu, na lebo iwe ya kitu kinacholiwa.

Ughaibuni Minnesota
Salamu kutoka kwenye baridi. Mimi napika bia ya shayiri nyumbani kwa ndoo za plastiki, naongeza mawili matatu. Usisugue ndani kwa stiliwaya. Kila mchubuko ni nyumba ya bakteria, na hapo hata dawa haifiki. Tumia sponji laini, na ndoo ya pombe isifanye kazi nyingine.

Pili, funga mfuniko kabisa, utoboe tundu, upitishe kimpira ambacho ncha yake imezama kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka, hewa haiingii. Plastiki yenyewe inapitisha oksijeni kidogokidogo, kwa hiyo bia ya kukaa miezi naihamishia kwenye kioo.

Mama Nyonyo
Ndugu yangu wa Minnesota, hilo la mpira ni la bia yako. Mbege haikai miezi. Ukishachanganya maji ya ndizi na uji wa ulezi, kesho yake inanywewa, na ikipita hapo inakuwa kali mno. Sisi tunafunika kwa kitambaa safi au mfuniko ulioegeshwa tu. Mfuniko ukibanwa bila tundu, gesi itaurusha.

La stiliwaya nakubaliana nalo kabisa. Na uji wa ulezi upoe kwanza kabla ya kuumimina. Nimeona ndoo ikilegea na kupinda kwa uji wa moto, na plastiki ikishapata moto hivyo inatoa ladha.

Mrombo wa Mbezi
Asanteni sana. Leo nimerudi kwa yule kijana, pipa halina lebo, nimeliacha. Ndoo za dukani zina namba 5 na alama ya glasi na uma. Ninunue ngapi? Nilipanga nane. Na Jik inafaa kuoshea?

Mama Nyonyo
Nane hazitoshi. Acha nafasi ya povu, usizidishe lita 15 kwa ndoo ya 20. Kwa lita 150 chukua kumi, na moja ya akiba.

Fundi wa Vingunguti
Jik inafaa, fuata kipimo cha kwenye chupa. Osha kwanza kwa sabuni isiyo na manukato, ndipo uweke Jik, uache dakika 20, usuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mara mbili au tatu mpaka harufu iishe. Usiichanganye na siki hata kidogo, inatoa gesi ya sumu. Mkishasuuza zianikeni kivulini, midomo chini, juu ya chanja.