Mimba iliyotoka na lawama ya utasa: dini zilihesabu vipi?

ZawadiSomo
Wakuu, naandaa somo kwa wahudumu wa kiroho wanaotembelea wodi za wazazi. Mimba ikiharibika, dini zilipima vipi kama kilichotoka ni damu tu au ni maiti anayestahili sanda na sala? Na lawama ya utasa kumwangukia mwanamke, chanzo chake ni maandiko yenyewe au sheria za ndoa na urithi? Naomba hesabu na vifungu. Habari za "kila dini inahimiza subira" ninazo tele.

Ustadh_Mk
Kwa Waislamu msingi ni hadithi ya Ibn Mas'ud iliyomo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: siku 40 mara tatu, kisha roho inapulizwa. Ndiyo siku 120. Kabla ya hapo kijusi huviringishwa kitambaa na kuzikwa, hakiswaliwi. Baada ya hapo madhehebu yanaachana njia. Wahanbali wanakiosha, wanakivika sanda na kukiswalia hata kama hakikutoa sauti. Washafi wanaosha, wanavika sanda na kuzika, ila swala inangoja dalili ya uhai, kama kulia au kutikisika. Wahanafi na Wamaliki nao hawaswalii bila dalili hiyo. Kwa hiyo mhudumu asimwambie mama wa mimba ya miezi mitano "huyu haswaliwi" kabla hajauliza familia inafuata madhehebu gani.

Kosa la pili ni kuchanganya hesabu ya swala ya maiti na hesabu ya nifasi, yaani damu ya uzazi inayomzuia mama kuswali na kufunga. Kwa Wahanbali damu ni nifasi pale kilichotoka kinapokuwa na umbo la binadamu, na mapema kabisa ni siku 81. Washafi wanaihesabu nifasi hata kwa pande la nyama, wakunga wakithibitisha kwamba ni asili ya mtu. Matokeo yake mama wa mimba ya siku 100 anaweza kuwa kwenye nifasi, haswali wala hafungi, na papo hapo kijusi chake hakiswaliwi. Wengi huambiwa nusu tu ya jibu hilo.

Kumbukumbu
Kwa Wayahudi, Talmudi, kitabu chao cha sheria na mafundisho ya marabi (Yevamot 69b), inaita mimba ya chini ya siku 40 maji matupu. Mtoto aliyefariki kabla ya kutimiza siku 30 hakukaliwa matanga ya siku saba. Wengi huielezea kama kuwaondolea wazazi mzigo wa wajibu enzi ambazo watoto walikufa mara kwa mara, ingawa mzazi wa leo huisikia kama amekatazwa kulia, na marabi wengi sasa wanaruhusu ibada.

Ulaya ya Kikatoliki mpaka haukuwa siku, ulikuwa ubatizo. Asiyebatizwa hakuzikwa kwenye ardhi iliyobarikiwa. Ndipo yakazuka mahali kama Oberbüren, Uswisi: kichanga aliyezaliwa mfu alipashwa joto kwa makaa na mishumaa, akawekewa unyoya mdomoni, na unyoya ukitikisika walisema amepumua, wakambatiza upesi na kumzika hapohapo. Bila shaka ni hewa ya moto iliyoutikisa. Patakatifu hapo palibomolewa wakati wa Matengenezo ya Kanisa, 1528, na wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya vichanga takribani 250. Kwa kazi yako, shika kanuni ya 1183 ya Sheria ya Kanisa ya 1983: askofu wa mahali anaweza kuruhusu mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza.

Sheria_Kale
Kuhusu lawama, mimi naona sheria za ndoa zimebeba zaidi, ila maandiko hayajaachwa safi. Mwanzo 20:18 inaeleza matumbo kufungwa kama adhabu. Kurani 42:50 inasema tu Mungu humfanya tasa amtakaye, bila kutaja kosa.

Sasa tazama sheria. Manu 9:81, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, inaruhusu mume kuoa mwingine mwaka wa 8 mke akiwa hazai, wa 10 watoto wakifa, wa 11 akizaa mabinti tu. Hammurabi, mfalme wa Babeli ya kale (vifungu 209, 211 na 213), anatoza aliyempiga mwanamke mimba ikatoka: shekeli 10 za fedha kwa binti wa muungwana, 5 kwa binti wa mtu wa kawaida, 2 kwa mjakazi. Kijusi kilekile, bei ya tabaka la mama.

Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi ulio msingi wa Talmudi (Yevamot 6:6), ni tofauti kidogo. Mume asingoje zaidi ya miaka 10 bila mtoto, lakini mimba ikitoka hesabu inaanza upya, na mke aliyeachwa anaolewa na mwingine ambaye naye anapewa miaka 10. Maana yake wanasheria wale walijua mume wa kwanza anaweza kuwa ndiye tatizo.

Mwanaume alipimwa kwa nguvu za kujamiiana tu. Mahakama za Ufaransa ziliwalazimisha wanandoa kujamiiana mbele ya wakaguzi hadi 1677, mwaka uleule Leeuwenhoek alipoziona mbegu za kiume kwa hadubini. Hata leo kanuni ya 1084 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inabatilisha ndoa kwa kutoweza kujamiiana kwa kudumu kulikokuwapo kabla ya ndoa. Utasa haubatilishi.

ZawadiSomo
Hapa nimepata. Ustadh, hadithi ya kijusi kumvuta mama peponi kwa kitovu, niitumie?

Ustadh_Mk
Imo kwenye kitabu cha hadithi cha Ibn Majah, na wanazuoni wamehitilafiana kuhusu nguvu yake. Itaje kama faraja pale mama mwenyewe anapoigusia. Usiitolee hukumu, na usimwambie mama kwamba sharti lake ni asilie: inazungumzia kutaraji malipo kwa Mungu, haikatazi machozi.