"UMECHOKA NA NINI, SI UKO NYUMBANI?" Wakuu, nishikeni kabla sijaacha kazi usiku huu

Geti Wazi (mtoa uzi):

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikirukana mtanisamehe.

Yule bosi mnamjua. Msijifanye hamumjui, kila anayefanyia kazi nyumbani anaye wa kwake, na huyu wangu ndiye babu yao. Yule anayeanza na "Upo?" peke yake halafu ananyamaza, wewe unabaki unakodolea skrini moyo unadunda kama umeitwa kituoni. Yule wa "kitu kidogo tu cha dakika 5". Dakika 5 zake zingekuwa mvua, tungeshagharika.

Saa zangu zinaisha saa 11 jioni. Iko kwenye mkataba, nimesaini mimi, kasaini yeye. Leo nimefunga laptopu saa 1:40 usiku, kwa sababu hicho kitu kidogo kilifika saa 11 kasoro dakika 2. Sikusema neno. Mtoto meno yanamtoka, siku ya tatu hii halali. Saa 4 na dakika 17 usiku ndiyo kwanza kasinzia juu ya mkono wangu wa kushoto, mdomo wazi, udenda unanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, nami nimebana pumzi nisimwamshe. Simu ikaanza kutetemeka kwenye godoro. Video. Nikakata. Ikarudi, nikakata. Ya tatu nikapokea nikijua kuna mtu kafariki. Mwanga wa skrini ukampiga mtoto usoni, jicho moja likafunguka.

Hakuna aliyefariki. Anataka jedwali libadilishwe rangi. Kutoka bluu kwenda bluu nyingine!

Nikamwambia kwa adabu zote, "Bosi nimechoka, nitalifanya asubuhi saa 2." Kumbe hatuko wawili. Kawaunganisha wenzangu 14 kwenye simu hiyohiyo, nawaona kila mtu kwenye kiboksi chake, mmoja kajifunika shuka hadi kidevuni. Mbele yao wote akaniambia: "Umechoka na nini, si uko nyumbani?"

Umechoka na nini! Mimi niliyekaa kwenye kiti kimoja tangu saa 2 asubuhi mpaka kiti kimeshika umbo langu! Na kuna mwenzetu mmoja alikuwa kazima maiki, lakini mabega nimeyaona yanacheza. Anacheka.

Ofisini taa zilikuwa zinazimwa. Mlinzi alikuwa anatikisa funguo, mnatoka hata kama kazi haijaisha. Hapa mlinzi nani? Kiti nimenunua mimi, umeme nalipa mimi, bando nalipa mimi, na ule muda wa njiani niliodhani nimeuokoa kaumeza wote hakubakiza hata nusu saa. Halafu kile kidoti cha kijani cha Teams, programu yetu ya vikao na ujumbe wa kazini, ukikaa dakika 5 hujagusa kitu kinageuka njano. Juzi nimetoka chooni nakuta ujumbe: "Naona umeondoka." Chooni, wakuu!

Lakini hayo yote nilishameza. Hili la leo halimezeki. Umechoka na nini, mbele ya watu 14, mtoto ananilalia mkononi.

Ushauri siutaki. Nataka mtu wa kukasirika naye.

Nyundo ya Mbao: Bluu kwenda bluu nyingine saa 4 usiku. Huyo si bosi, huyo popo. Nimekasirika mkuu, endelea.

Mama Wawili: Pole sana. Mtoto alilala tena?

Geti Wazi: Hajalala. Yuko hapa kifuani ananitazama kama mimi ndiye niliyepiga simu.

Sauti ya Zege: Nitakuwa mbaya leo. Ulipokea ya nini? Popo humfungi kamba, unafunga dirisha. Siku ya kwanza alipokutumia ujumbe usiku ulimjibu baada ya muda gani? Sema kweli.

Geti Wazi: Sekunde 40. Nilikuwa mgeni kazini.

Sauti ya Zege: Basi bosi huyo umemlea mwenyewe, umemwachisha ziwa mwenyewe, leo anatembea unashangaa.

Nyundo ya Mbao: Sekunde 40 😂😂 Hata zimamoto hawafiki hivyo.

Geti Wazi: Chekeni. Angewaambia nyie mbele ya watu 14 mngecheka?

Kalamu Butu: Haya mambo wenzetu wameyatungia sheria. Ufaransa tangu 1 Januari 2017, kampuni yenye wafanyakazi kuanzia 50 inatakiwa ikae mezani nao wapatane namna ya kujitenga na simu na barua pepe nje ya saa za kazi. Ureno walipitisha yao 2021, mwajiri anatakiwa asimsumbue mfanyakazi wakati wa mapumziko yake isipokuwa kwa dharura isiyozuilika, akikaidi kuna faini. Australia tangu 26 Agosti 2024 una haki ya kutopokea wala kusoma, ilimradi kukataa kwako kuwe na sababu ya msingi. Na saa 8 kwa siku ndiyo Mkataba Namba 1 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliowekwa kwa ajili ya viwanda. Miaka zaidi ya 100, bado tunazigombania.

Nyundo ya Mbao: Mkuu, mtoa uzi kasema anakaa Ureno? Yule ukimtumia sheria ya Ureno saa 4 usiku atakujibu "nzuri, itafsiri uitume kabla ya kulala."

Kalamu Butu: Nimesema ijulikane kwamba si lazima iwe hivi. Rangi ya jedwali si dharura katika nchi yoyote.

Geti Wazi: Hapo umenena. Na wewe niambie, nimechoka na nini?

Nesi wa Zamu: Mimi nasoma huu uzi nimesimama. Zamu ya saa 12 wodini, miguu imevimba, kuna mtu analia alipigiwa simu akiwa kitandani. Kitandani! Mimi hicho kitanda nakiona kwenye ndoto, na ndoto zenyewe sizipati.

Geti Wazi: Dada yangu, kazi yako naiheshimu na sishindani nawe. Ila ukitoka zamu, kuna mtu anakufuata chumbani na mgonjwa wake?

Nesi wa Zamu: Hapana, hilo nimekuelewa. Basi hesabu saa zako, usifanye mchezo. Shirika la Afya Duniani (WHO) na hilo la Kazi (ILO) walitoa utafiti 2021: anayefanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki, hatari ya kiharusi iko juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Hao wa kiharusi nawageuza mimi vitandani. Wengine walikuwa mabosi.

Shemeji wa Watu: Bosi wako ana nafuu. Yeye angalau kuna saa analala. Mimi adui yangu ni ndugu wa humu ndani! "Kampokee mgeni, wewe si uko nyumbani." "Mwangalie fundi bomba, wewe si uko nyumbani." Wiki jana nipo kikaoni, nawasilisha ripoti ya miezi mitatu, shangazi kafungua mlango na beseni la nguo kaniuliza kwa sauti kama zangu za ndani ndizo hizi. Kaziinua juu ya kamera!

Mama Wawili: Hahaha jamani ziliinuliwa?

Shemeji wa Watu: Mbili. Na mteja alikuwepo.

Sauti ya Zege: Na zile tafuna-tafuna za kikaoni je? Kuna mmoja kwetu anakula maiki iko wazi, unasikia mpaka anavyomeza. Nimeandika "tuzime maiki" mara 6. Anajibu "sawa" huku anatafuna. Uzi wake uko wapi?

Nyundo ya Mbao: Huyo tunaye pia. Nahisi ni mtu mmoja anayezunguka kampuni zote.

Geti Wazi: Jamani, turudi kwenye uzi. UMECHOKA NA NINI, SI UKO NYUMBANI, mbele ya watu 14.

Mama Wawili: Tumekusikia mkuu, pole. Shemeji, sasa shangazi ulimfanyaje?

Shemeji wa Watu: Niligundua tatizo ni miguu. Kwao, mtu asiyevaa viatu hayuko kazini. Sasa saa 2 asubuhi navaa viatu, natembea sebuleni mpaka chumbani, nafunga mlango. Saa 11 navivua, naviweka juu ya kabati. Hakuna aliyenituma tena tangu Jumatatu, na mimi mwenyewe nikishavivua laptopu siigusi.

Nesi wa Zamu: Viatu ndani ya nyumba? Anayepiga deki nani?

Shemeji wa Watu: Soli niliifuta kwa spiriti, havijawahi kukanyaga nje.

Nesi wa Zamu: Hata kama. Ningekuwa mimi hapo kwenu ungefanyia kazi barazani.

Kalamu Butu: Namuunga mkono Nesi, sakafu ni sakafu.

Sauti ya Zege: Acheni kumwonea, mtu kapata dawa. Raba au vya ngozi?

Geti Wazi: Wakuu, kanitumia ujumbe sasa hivi. "Upo?"

Shemeji wa Watu: Vya ngozi, vyenye kisigino. Raba hazisikiki. Lazima wasikie ko, ko, ko kwenye sakafu, ndipo beseni linageuza njia.