Jasmine wa Agrabah: Sultani au Sultana?

Njiwa Manga: Wadau, jana nimeirudia filamu ya Aladdin ya 2019 na watoto. Mwishoni mzee Sultani anamkabidhi binti yake Jasmine nchi yao ya Agrabah, anakuwa Sultani. Binti yangu akaniuliza, baba mbona si Sultana? Nikabaki natoa macho. Mnasemaje?

Kibuyu: Sultana. Kiarabu chenyewe kinataka hivyo. Wamarekani wanalazimisha tu usawa wao.

Bi Mkubwa: Sultana mara nyingi ni mke au mama wa sultani, huyu kapewa nchi aongoze! Halafu Kibuyu sisi kwetu hakimu ni hakimu, mwalimu ni mwalimu, au wewe ulifundishwa na mwalima?

Kibuyu: Mwalima 😂 mbona malkia humuiti mfalme

Jembe la Bara: Watu wazima mnabishania katuni. Usultani tulishaufukuza 1964, someeni watoto habari za Kinjekitile.

Mtoto wa Forodhani: Tulishaufukuza wewe na nani? Ulikuwepo?

Jembe la Bara: Muungano kaka, chenu chetu.

Mtoto wa Forodhani: Mapinduzi Januari, Muungano Aprili. Hesabu kwa vidole.

Jembe la Bara: Ahaa kumbe tunaye mtetezi wa Sultan Said humu, mlimkumbuka siku nyingi eeh

Mtoto wa Forodhani: Nani kamtetea? Na ni Seyyid Said bin Sultan, hiyo Sultan ni jina la babake, Sultan bin Ahmad, cheo ni hiyo Seyyid. Mtu hajui cheo kipi jina lipi anakuja kuamua ya Agrabah.

Bi Mkubwa: Kabla ya hao Unguja ilikuwa na malkia, Mwana Fatuma, Waomani wakampakia chomboni mpaka kwao. Na Delhi kulikuwa na Razia, 1236 mpaka 1240, anaitwa Razia Sultan mpaka leo.

Kibuyu: Miaka minne, kapinduliwa, kauawa. Ndo mfano huo?

Bi Mkubwa: Kaka yake aliyemtangulia hata mwaka hakumaliza. Huyo humsemi.

Kibuyu: Mi nilisema Kiarabu, sikusema wanawake hawawezi, usinilishe maneno.

Konda Mstaafu: Mimi shida yangu Jafar, yule mbaya wa Aladdin. Ile katuni ya 1992 tunaambiwa ni waziri. Waziri wa nini? Wizara haina jina, naibu hana, katibu mkuu hana, ana kasuku tu begani

Jembe la Bara: Konda hiyo wizara naijua 😂😂

Njiwa Manga: Nimemsomea binti majibu yenu yote. Sasa anauliza Muungano ni katuni ya mwaka gani.