Naomba ushauri: kuagiza tui la nazi la boksi kutoka Thailand

Wakuu, nina duka la jumla Mbuyuni, Moshi. Nazi zikipanda bei, mama ntilie wananiulizia tui la boksi, lile la kukata kona na kumimina. Nataka kuagiza kidogo, kontena la kuchangia. Najua tangu 2019 usimamizi wa chakula uko TBS (Shirika la Viwango), siyo tena TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa), na mzigo unatakiwa ukaguliwe hukohuko kabla ya kupakiwa. Sasa wakala ananiambia "lipia tu, karatasi zitafuata." Hapo ndipo ninaposita. Sampuli aliyonipa imebakiza miezi minne kuisha muda! Tena juu imeganda kama samli. Najua mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na baridi yetu ya Juni mnaijua, ila mteja atasema limeharibika.

Mliowahi kusajili bidhaa ya chakula, mlianzia wapi?